Mafundi wa Makiso na mali isiyogawanywa

Katika komini ya Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, ni nadra kukuta kitu kilichokufa kabisa. Pasi iliyoungua hufunguliwa, redio iliyopigwa na radi huchambuliwa, ndoo iliyopasuka hushonwa kwa waya uliochomwa motoni, na sufuria iliyotoboka hupelekwa kwa mtu wa kuziba. Kuzunguka soko kuu, na kando ya barabara zinazoteremka kuelekea mtoni, mafundi wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na meza yake, kisanduku chake na mwavuli wake. Wamekaribiana kiasi cha kuazimana bisibisi bila kuinuka. Hata hivyo kila mmoja hununua waya peke yake, hulipa kodi peke yake, huibiwa peke yake, na akiugua, meza yake inafungwa na watoto wake wanalala njaa.

Je, ukaribu huo unaweza kugeuzwa ushirika, yaani chombo cha wanamji wenyewe cha kutengeneza vitu, kuvitumia upya na kuwaunganisha majirani? Naamini unaweza, kwa sharti moja ambalo sehemu kubwa ya makala hii italitetea: ushirika umiliki vile tu ambavyo fundi mmoja hawezi kuvimiliki, na kazi ya mikono ibaki ya mwenye mikono.

Tuanze na sababu ya ufundi huu kuwa mwingi hapa. Kisangani iko mwisho wa safari ya mto. Boti zinazopanda kutoka Kinshasa husafiri kilomita zipatazo 1,700 na kusimama hapa, kwa kuwa juu kidogo ya mji maporomoko ya Boyoma yanaziba njia. Anayetaka kuendelea huvuka hadi Lubunga, ng'ambo ya kushoto, ambako reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906. Leo treni hiyo ni ya kubahatisha. Upande wa mashariki kuna barabara ya taifa namba 4, inayopita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda hadi Beni na mpaka wa Kasindi. Huko ndiko zinakotoka bidhaa za Mombasa na Kampala, na huko ndiko malori hukwama matopeni msimu wa mvua. Kipuri kidogo chenye bei ya kawaida Kampala hufika Makiso kikiwa kimebeba mafuta ya lori, vizuizi vya barabarani na siku za kulala porini. Mara nyingi hakifiki.

Historia nayo imekata njia hizo tena na tena. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza sera ya kuwapa Wazaire biashara za wageni. Nyumba za biashara za Wagiriki, Wareno na Wahindi zilipata wenyewe wapya ambao wengi wao waliuza akiba iliyokuwemo na hawakuweza kuagiza nyingine. Uporaji wa 1991 na 1993 uliyamaliza maduka yaliyokuwa yamesalia. Vita vya 1998 vikaufunga mto: Kinshasa ilikuwa upande mmoja wa mstari wa mapigano, Kisangani upande wa pili, na ni mwaka 2001 tu, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, ndipo vyombo vilianza kupita tena. Katikati ya kufungiwa huko, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania mji huu yakitumia silaha nzito. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia mitaa ya watu. Waliobaki walianza na mabati: kuyanyoosha, kuziba matundu, kuezeka upya.

Katika miaka hiyo ndipo toleka, baiskeli za kubeba abiria, zilipokuwa usafiri mkuu wa mji. Petroli ilikuwa adimu na magari yamekwisha. Baiskeli iliyoundwa kubeba mtu mmoja ilibeba wawili na mzigo, au madumu ya mafuta ya mawese hadi vijiji vya mbali, na hakuna kiwanda kilichoiunda kwa kazi hiyo. Mafundi wa Kisangani ndio walioiunda upya: waliongeza chuma chini ya keria, wakashona mto wa kukalia, wakakaza spoki, wakarudisha gololi kutoka ekseli za zamani. Vijana wengi hawakuwa na baiskeli. Walikodi na kumpelekea mwenyewe malipo ya kila siku, versement. Pikipiki ziliposhika mji baadaye, mtindo ulibaki uleule: chombo ni cha mtu mwingine, jasho ni la kijana, na fundi anasimama kati yao akidaiwa na wote wawili. Naliweka wazi jambo hili mapema kwa sababu katika Makiso swali la nani anamiliki chombo lina uzito kuliko swali la nani anajua kukitengeneza. Wanaojua wapo wengi.

Ujuzi wenyewe unafaa kutazamwa kwa karibu. Chukua mota ya mashine ya kusaga mihogo iliyoungua. Hili hutokea mara kwa mara, maana umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaotoka kwenye bwawa la mto Tshopo, lenye mitambo mitatu, hukatika kwa saa au siku, kisha hurudi kwa kishindo. Fundi anafungua mota na kukuta waya wa shaba umekuwa mweusi. Kabla ya kuukata anahesabu: koili ina mizunguko mingapi, kundi lina koili ngapi, kila koili inaruka mifuo mingapi ya chuma, waya una unene gani. Anaandika yote hayo kwenye kipande cha katoni. Kisha anachonga kalibu ya mbao kwa ukubwa wa koili, anasuka waya mpya, anaupitisha kwenye mifuo juu ya karatasi ya kuhami, anaufunga kwa uzi, anaupaka vanishi, anauanika. Akikosea hesabu, mota itazunguka bila nguvu au itaungua tena siku ileile. Mara nyingi waya wa unene unaotakiwa haupo mjini, basi anapiga hesabu nyingine na kusuka nyuzi mbili nyembamba pamoja mahali pa moja nene. Hiyo ni kazi ya akili, na anayeifanya kwa usahihi ni mhandisi hata kama hakuna cheti kinachosema hivyo.

Na baada ya kazi, kipande cha katoni kinatupwa. Mota ya aina ileile ikiletwa kwa fundi wa meza ya tatu mwezi unaofuata, naye ataanza kuhesabu upya. Ikiletwa ikiwa imeshavurugwa, waya umeng'olewa bila kuhesabiwa, atabahatisha. Daftari moja la pamoja lenye hesabu za koili za mota zote zinazopita Makiso lingekuwa mali kubwa kuliko mashine nyingi, na gharama yake ni karatasi na nidhamu. Kwangu mimi daftari hilo ni mfano safi kabisa wa kitu kinachofaa kumilikiwa na wote: mmoja akikitumia, hakipungui kwa mwingine.

Vipo vingine ambavyo mmoja hawezi. Kifaa cha kupimia uhami wa waya ni ghali kwa fundi wa meza. Jenereta ya kupimia kazi umeme ukiwa haupo inakula mafuta ambayo kazi moja hailipi. Roli zima la waya wa shaba linauzwa kwa bei nafuu kwa kilo kuliko mita chache anazokatiwa dukani, lakini nani atalinunua zima? Kwa mafundi wa simu hali ni ileile: soketi za chaji, vioo na betri huagizwa moja moja kwa msafiri anayekwenda Kampala au Kinshasa, kwa bei ya rejareja, bila uhakika wa ubora. Mafundi ishirini wakiagiza pamoja wangekuwa mteja wa jumla.

Kisha kuna imani, na hili ndilo wateja hulitaja kwanza. Mtu anaacha simu au televisheni akiwa na hofu kwamba kipuri kizima kitatolewa na kibovu kuwekwa. Fundi naye ana hofu ya mteja anayeacha kitu miezi sita kisha akaja na askari kukidai. Hakuna tiketi, hakuna orodha ya vilivyokutwa ndani, hakuna muda wa dhamana. Fundi mwaminifu anapata hasara kwa ajili ya asiye mwaminifu wa meza ya pili, kwa kuwa mteja hana njia ya kuwatofautisha. Ushirika wenye muhuri mmoja, tiketi yenye namba, na ahadi kwamba kazi ikiharibika ndani ya muda fulani itarudiwa na mwanachama mwingine bila malipo, ungebadilisha soko hili kuliko mkopo wowote. Lakini ahadi ya namna hiyo inadai kitu kigumu: kila mmoja akubali kulipa kwa kosa la mwenzake.

Kwa nini basi hawajakaa pamoja siku zote? Sikubaliani na wanaosema Wakongo hawapendi umoja. Kumbukumbu ya watu wa mji huu inaeleza mengi. Ushirika wa kwanza wa kisheria uliletwa na wakoloni. Amri ya tarehe 24 Machi 1956 ilitambua vyama vya ushirika lakini ikaviweka chini ya jicho la utawala. Baadaye, chini ya Mobutu, ilikuja salongo, kazi ya pamoja ya lazima, ambapo kutofika kulikuwa kosa na matunda ya kazi hayakuwa ya waliofanya. Halafu ikafuata miaka ya miradi ya wafadhili: kamati inaundwa kwa haraka kwa kuwa fedha zinakuja, kunapatikana rais, katibu na mweka hazina, bango linapandishwa, na fedha zikiisha cherehani na mashine za kuchomelea zinaonekana nyumbani kwa rais. Aliyeishi haya yote ana sababu nzuri za kushika kisanduku chake mwenyewe.

Lakini kumbukumbu hiyo ina upande wa pili. Stanleyville, kama mji ulivyoitwa hadi 1966, ulikuwa mji wa vyama. Patrice Lumumba, akiwa karani wa posta hapa tangu katikati ya miaka ya 1940, alijifunza uongozi ndani ya vyama vya mjini, kikiwemo cha wafanyakazi wa posta, kabla hajaunda chama cha siasa. Na leo soko kuu la Makiso linaendeshwa kwa likelemba. Akina mama wanaouza samaki wa kukaushwa au pondu huchanga kiasi kilekile kila siku, na kila siku au kila wiki mmoja anachukua fungu lote. Hakuna benki, hakuna hakimu. Kuna zamu na aibu ya kukwepa zamu. Vikundi vya kuweka na kukopa, AVEC, vimeongeza daftari na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wanawake wa soko hili wanalijua hilo kwa vitendo. Fundi anayedai kwamba umoja hauwezekani Makiso hupitwa kila asubuhi na mama yake mwenyewe akienda kuchanga.

Hata hivyo likelemba ina mpaka, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Likelemba na AVEC huisha kwa kugawana. Zamu ikikamilika kila mtu amepata chake. Mzunguko wa mwaka ukifika sanduku linafunguliwa na kubaki tupu. Usalama wake uko hapohapo: hakuna mali inayokaa muda mrefu kiasi cha kuibiwa. Ushirika wa matengenezo unadai kinyume chake. Mashine ya kuchomelea haigawanyiki, daftari la koili haligawanyiki, jina zuri haligawanyiki. Kutoka kwenye umoja wa kugawana hadi umoja wa kutunza ni hatua ndefu, na wanaoandika miradi huiruka kana kwamba haipo.

Tunao watu hapa mjini walioishi ndani ya umoja wa kutunza kwa vizazi. Wavuvi wa Kiwagenia, juu ya maporomoko, husimamisha miti mikubwa katika mawe ya mto, huifunga kwa kamba za msituni na kuning'iniza makapu makubwa ya kuchuja samaki katika maji yanayokimbia. Sehemu za kutegea zina wenyewe kwa ukoo na urithi. Samaki wana mwenyewe. Lakini hakuna ukoo mmoja unaoweza peke yake kusimamisha miti ile dhidi ya mkondo, na mafuriko yakiing'oa lazima isimamishwe tena kwa mikono ya wengi. Kilicho cha mmoja na kilicho cha wote vimetengwa kwa uwazi, kila mtoto anajua mstari uko wapi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ushirika usichukue mapato ya kazi. Mafundi wakitiwa katika chungu kimoja cha malipo, mwenye mikono myepesi atamlisha mzembe kwa miezi mitatu, kisha ataondoka na wateja wake. Akibaki na malipo yake na kulipia matumizi ya mashine ya wote, hana sababu ya kuondoka.

Sheria inaruhusu mpango huo, na ni bora kuliko wengi wanavyodhani. Kongo iliingia rasmi OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria za pamoja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na kwa hiyo ikachukua Sheria ya Pamoja ya Vyama vya Ushirika iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Inatambua aina mbili. Ile nyepesi, ushirika uliorahisishwa, inahitaji watu watano tu kuanza na huongozwa na kamati ya watu wasiozidi watatu hadi wanachama wafike mia moja. Ile nzito, yenye bodi, inataka watu kumi na watano. Katika zote mbili mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Watu watano: hiyo ni idadi ya meza zilizoko chini ya mwembe mmoja. Kazi ngumu ni kuandika kanuni, kuzisajili katika daftari la vyama vya ushirika na kuvumilia safari za ofisini, lakini bila usajili hakuna akaunti yenye jina la chama, na akaunti ikiwa na jina la rais tumerudi kwenye hadithi ya cherehani nyumbani kwake.

Majirani zetu wa Afrika Mashariki wamepita njia hii kwa namna tofauti, na nimejifunza zaidi pale walipokwama. Wafua vyuma wa Kamukunji, Nairobi, walitambuliwa katikati ya miaka ya 1980 baada ya Rais Moi kuwatembelea na kuagiza wajengewe vibanda, na waraka wa serikali namba 2 wa 1992 ukaiweka sekta ya jua kali katika mipango ya nchi. Chama chao kilijengwa juu ya suala la ardhi na paa. Katika kununua chuma na kuuza masanduku kila mmoja aliendelea kivyake. Dar es Salaam, mafundi wa Gerezani waliungana katika ushirika wa viwanda vidogo, DASICO, na Tanzania ilikuwa imeanzisha SIDO, shirika la viwanda vidogo, mwaka 1973 kuwasaidia watu wa aina hiyo. Kinachoonekana katika miji yote miwili ni kwamba mahali pa kufanyia kazi pana nguvu kubwa ya kuunganisha watu, na pia ndipo panapowindwa kwanza bei ya viwanja ikipanda. Makiso ni kitovu cha biashara cha Kisangani. Viwanja vyake vitawindwa vilevile. Ushirika usiokuwa na hati au mkataba wa muda mrefu wa pango utaondolewa na mwenye jengo siku atakayotaka kujenga duka.

Kutoka mbali zaidi kuna mfano unaopendwa na mashirika ya maendeleo: mikahawa ya matengenezo, iliyoanzishwa na Martine Postma mjini Amsterdam mwezi Oktoba 2009, ambapo wanaojitolea huwatengenezea majirani vitu bure huku wakinywa kahawa. Ni jambo zuri kwa Amsterdam. Huko saa moja ya fundi ni ghali kuliko kibaniko kipya cha mkate, ndiyo maana ufundi ulikufa na sasa unafufuliwa kwa hisani. Umoja wa Ulaya umefika hadi kutunga sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2024. Makiso mizani imepinduka: mikono ni mingi na rahisi, vipuri ni adimu na ghali. Kuleta matengenezo ya bure hapa ni kumnyang'anya fundi chakula. Ningemwomba kila anayekuja na wazo hilo alete badala yake vipuri, michoro ya mashine na vifaa vya kupimia, halafu awaache mafundi watoze bei yao. Sheria ile ya Ulaya ingetufaa kweli kama ingewalazimisha watengenezaji kuacha kugundisha simu kwa gundi na kuficha michoro, kwa sababu simu ileile ikichoka Brussels huja kumalizia maisha yake Afrika.

Simu hizo zinakuja nyingi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nchi yetu inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayokwenda katika betri za simu hizo. Yanaondoka Kolwezi kama jiwe na kurudi Makiso kama betri iliyovimba, isiyokuwa na mahali pa kutupwa isipokuwa mtaroni. Jambo hili linaniumiza kuliko yote katika uchambuzi huu, na mafundi wenyewe hawawezi kuachwa nje yake. Kutumia upya kuna upande mchafu: kuchoma nyaya ili kupata shaba, kuvunja betri za gari na za sola kwa nyundo na kumwaga asidi ardhini, kuyeyusha risasi jikoni. Moshi huo unaingia kwanza katika mapafu ya mwanafunzi wa miaka kumi na minne anayeshika koleo.

Tunajua mwisho wake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilizitia familia nyingi sumu ya risasi. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi humo, Phyllis Omido, aligundua maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamemdhuru mwanawe, akapigana hadi kiwanda kikafungwa. Alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na rufaa zikaendelea miaka mingine. Fundi mmoja wa Makiso hawezi kukataa betri iliyokufa, kwa sababu akikataa ataichukua jirani. Wote wakikubaliana kutozivunja, na kuziweka mahali pamoja penye sakafu ya saruji hadi mzigo utoshe kuuzwa kwa mchakataji anayefaa, inawezekana. Kwa watoto wa mitaa hii, faida hiyo pekee inatosha kuuhalalisha ushirika. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, na mifuko bado inaelea mitaroni. Kanuni inayosimamiwa na waliokaa meza moja ina nafasi nzuri zaidi kuliko amri ya Kinshasa.

Upande wa nguo ni rahisi zaidi, na huko wanawake wametangulia. Kisangani ilikuwa na kiwanda chake cha vitenge, SOTEXKI. Kudorora kwake kumeiachia mitumba na vitambaa vya nje soko lote. Mafundi cherehani hukata suruali ya mtu mzima ya bluu na shati jeupe lililochakaa kola wakapata sare kamili ya mtoto wa shule. Kabla ya kufunguliwa kwa shule mwezi Septemba kazi hiyo huwa usiku na mchana. Ni kutumia upya kusikohitaji mhadhara wowote, na ningependa ushirika uwe na akina mama hao kama waanzilishi, si kama mapambo ya orodha. Wao ndio wenye uzoefu wa kushika fedha za watu wengi bila kuzila.

Limebaki suala la kuunganisha watu, ambalo mwaka 2023 liliacha kuwa maneno matamu. Mzozo wa ardhi kati ya makabila ya Wambole na Walengola uliwaka katika komini ya Lubunga, watu wengi wakauawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakavuka mto kuja kulala shuleni, makanisani na kambini upande wetu. Miongoni mwao walikuwa seremala bila randa, washonaji bila cherehani, mafundi baiskeli bila ufunguo hata mmoja. Mkimbizi wa aina hiyo hupewa mchele na turubai. Ushirika wenye ghala la vifaa ungempa meza na randa ya kukodi, na kwa hiyo njia ya kula bila kunyoosha mkono. Tena ungemketisha karibu na mtu wa kabila lililomfukuza, wote wawili wakisubiri zamu ya mashine moja. Sidai kwamba zamu ya mashine inaponya mauaji. Nasema kwamba mahakama na mikutano ya amani hukaa siku chache, na watu huhitaji sababu ya kuonana siku nyingine zote. Studio za Kabako za mcheza dansi Faustin Linyekula, zilizohamia Kisangani mwaka 2006, zimefanya kazi Lubunga kwa miaka kuhusu maji na sanaa, na uvumilivu wa namna hiyo unaonyesha kuwa kinachoshika mizizi katika mji huu ni kile kinachobaki baada ya wageni kuondoka.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: kwamba ushirika utakuwa ukuta wa wazee dhidi ya vijana, utapanga bei na kuwafungia nje wanaoanza. Limetokea katika vyama vingi duniani. Kinga yake ni kuandika katika kanuni kwamba kiingilio kiwe kidogo, kilipwe kidogo kidogo kama likelemba, na kwamba mwanafunzi aliyemaliza miaka yake kwa fundi mwanachama awe na haki ya kujiunga bila kuomba hisani. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, inaweza kuwapima vijana hao na kuwapa cheti. Kijana mwenye cheti na ufunguo wa ghala haogopi mwalimu wake.

Na sheria ya OHADA imeweka mahali pa kuanzia ambapo wengi huruka wanaposoma. Kila mwaka, kabla ziada haijagawanywa, ushirika lazima utenge angalau asilimia 20 kwa akiba ya jumla na nyingine angalau asilimia 20 kwa mafunzo na elimu ya ushirika, hadi kila akiba ifikie kiasi cha mtaji wa hisa. Kwa watu waliozoea sanduku linalofunguliwa na kubaki tupu, kifungu hicho ndicho kitakacholeta ugomvi wa kwanza, pengine katika mkutano wa kwanza kabisa wa mwisho wa mwaka. Ningeshauri ugomvi huo ufanyike mapema, mbele ya watu watano wa mwanzo, kabla ya kununua chochote, na makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili na Kilingala pamoja na Kifaransa cha ofisini ili kila anayetia dole gumba ajue anachokitia. Ununuzi wa kwanza uwe roli la waya wa shaba, maana linaisha na kuuzwa kwa haraka, na hesabu yake itaonekana ndani ya miezi michache. Mashine ya kuchomelea ingoje mwaka wa pili, itokane na ile asilimia 20 ya akiba ya jumla.